"Imehifadhiwa": neno ambalo kompyuta hulitamka mapema mno

Leo siandiki siasa. Najua wengine mtanuna, maana mmenizoea nikianza wiki kwa kumkaba koo waziri fulani. Leo nakaba koo neno. Lile linalotokea kwenye kioo cha kompyuta ukishabonyeza kitufe cha kuhifadhi kazi yako: "Imehifadhiwa". Swali langu ni moja tu, na naomba msilidharau: imehifadhiwa wapi?

Utaniambia, kwenye diski, sasa wapi tena! Hapo ndipo sisi watumiaji tunapopigwa changa la macho. Mara nyingi neno hilo linapokutokea, kazi yako haijagusa diski hata kidogo. Iko njiani. Na njia yenyewe ina vituo, na kila kituo kina uhuru wa kuichelewesha.

Chukua mfano wa ofisi ya serikali, ile tunayoijua sote. Unapeleka barua. Karani wa mapokezi anaipokea, anagonga muhuri kwenye nakala yako, anakwambia "tayari, ndugu". Unaondoka kifua mbele. Kumbe barua yenyewe iko kwenye trei juu ya meza, inamsubiri tarishi. Tarishi akiichukua anaipeleka masjala, na huko nako kuna trei nyingine. Mpaka iingizwe kwenye jalada, na jalada liandikwe kwenye rejista, ndipo unaweza kusema barua ipo. Upepo ukivuma kabla ya hapo, muhuri unao mkononi na barua huna.

Kompyuta iko hivyo hivyo. Programu unayoandikia inaukabidhi mfumo endeshi maneno yako. Mfumo endeshi unayaweka kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayoishi kwa umeme tu, halafu papo hapo unajibu "nimepokea". Kwenye Linux, usipobadilisha mpangilio wowote, data inaweza kukaa hapo kiasi cha sekunde 30 kabla haijahesabiwa kuwa imekaa vya kutosha kupelekwa kwenye diski. Ikifika kwenye diski, diski nayo ina kumbukumbu yake ndogo ya muda, nayo hujibu "nimepokea" kabla haijaandika. Trei baada ya trei.

Kwa nini wametufanyia hivi? Kasi, basi. Diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inahitaji zaidi kidogo ya milisekunde 8 kumaliza mzunguko mmoja. Ukiilazimisha programu isubiri kila kitu kiandikwe kweli kweli ndipo iendelee na kingine, utapata maandishi mia na ushee tu kwa sekunde. Kumbukumbu ya muda inapokea maelfu kwa maelfu katika sekunde hiyo hiyo. Kwa hiyo trei sio dhambi. Bila trei kompyuta yako ingetambaa kama daladala kwenye foleni ya Mbagala jioni. Ninachogombana nacho ni lile jibu. "Nimepokea" na "nimehifadhi" ni maneno mawili tofauti, na kuna watu wameamua kututafsiria la kwanza kama la pili.

Ngoja sasa niwapeleke kwenye jambo linalonikosesha usingizi zaidi. Kuchelewa tungeweza kukuvumilia. Ukipoteza sekunde 30 za kazi utasonya, utaandika upya, maisha yataendelea. Lililo baya ni mambo kufika kwenye diski kwa mpangilio mbovu.

Ukiongeza ukurasa mmoja kwenye faili, mfumo wa mafaili unaandika mahali patatu tofauti: ukurasa wenyewe, ramani inayoonyesha sehemu zipi za diski zimeshachukuliwa, na kadi ya faili inayosema "kurasa zangu ziko hapa, hapa na pale". Diski, kwa kutafuta njia fupi, ina ruhusa ya kuandika hayo matatu kwa mpangilio inaoupenda yenyewe. Sasa umeme ukikatika katikati? Kadi ikiwa imetangulia na ukurasa haujafika, faili lako litaonyesha takataka zilizokuwepo pale zamani, pengine kipande cha faili la mtu mwingine. Kadi ikiwa imetangulia na ramani haijaandikwa, mfumo utadhani pale ni patupu na kupatoa kwa faili jingine. Wenzangu wa Dar mnalijua hilo: chumba kimoja, kodi imepokelewa kwa wapangaji wawili.

Dawa ya ugonjwa huu ipo siku nyingi, nayo ni daftari. Kabla ya kugusa mahali penyewe, andika kwanza pembeni: nakusudia kufanya moja, mbili, tatu. Kisha weka sahihi chini yake. Ukishaweka sahihi, ndipo unakwenda kufanya. Umeme ukikatika, kompyuta ikiwaka inasoma daftari: lenye sahihi linarudiwa, lisilo na sahihi linaachwa kana kwamba halikuwahi kuwepo. Linux ilipata daftari hili kwenye mfumo wa mafaili uitwao ext3, ulioingia rasmi mwaka 2001. Kabla ya hapo, na mfumo wa ext2, kompyuta iliyozimika vibaya ilikuwa inalazimika kukagua diski nzima ikiwaka, wewe umekaa unakunywa chai ya pili.

Daftari hilo kwa kawaida linaandika habari za kadi na ramani tu. Maneno yako yenyewe hayaingii humo. Ila ext3 ilikuwa na adabu moja nzuri: ililazimisha maneno yatangulie kwenye diski ndipo sahihi iwekwe. Kumbukeni adabu hiyo, tutairudia.

Na mmeshaona uzuri wote unategemea nini? Sahihi ije mwisho. Sahihi ikitangulia, daftari lote ni uongo uliothibitishwa. Ndiyo maana kuna amri ya kizuizi, ambayo maana yake ni: usiandike sahihi mpaka yote yaliyotangulia yamefika kwenye sahani. Na mnajua nini? Kwa miaka mingi ext3 ilikuja na kizuizi hicho kikiwa kimezimwa kwenye Linux ya msingi, kwa sababu kinapunguza mwendo. Mtu anakuuzia gari lenye breki, ila breki ameziondoa ili gari likimbie. Mrithi wake, ext4, uliotangazwa kuwa imara mwaka 2008, ndio uliokuja na kizuizi kimewashwa.

Hata ukiwa na kizuizi, diski yenyewe inaweza kukudanganya. Wale mliokuwa mnaandika mtandaoni zamani mtaikumbuka LiveJournal. Januari 2005 umeme ulikatika kwenye jengo la seva walimokuwa wamepanga, na seva zao zote zikazimika kwa mpigo. Umeme ulirudi, lakini kazi ya kuzirudisha hifadhidata katika hali yake ikawa ndefu. Mwanzilishi wake, Brad Fitzpatrick, akaandika programu ndogo ya kupima uaminifu wa diski. Kompyuta moja inaandika kwenye diski inayopimwa, na kila diski ikisema "tayari", kompyuta ya pili pembeni inaandika kumbukumbu ya ahadi hiyo. Kisha unachomoa waya wa umeme. Ukiwasha, unalinganisha ahadi na ukweli. Mimi kama mwandishi wa habari nimeipenda njia hii kuliko zote: unaandika alichoahidi, unamsubiri kwenye kona.

Sasa tuje kwenye kesi yenyewe, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike leo. Mwanzoni mwa 2009, watu waliokuwa wanajaribu toleo jipya la Ubuntu lenye ext4 walianza kulalamika. Kompyuta ikizimika ghafla, wakiiwasha wanakuta mafaili yao ya mipangilio yapo, majina yapo, ila ndani hamna kitu. Sifuri.

Ilikuwaje? Programu nyingi zina desturi nzuri ya kutokuandika juu ya faili la zamani. Zinaandika faili jipya pembeni, likiisha zinalipa jina la lile la zamani. Ukitazama kwa akili ya kawaida, hapo huwezi kupoteza: utakuwa na la zamani au utakuwa na jipya. Lakini ext4, kwa kutafuta mwendo, ilikuwa inachelewesha hata kuchagua mahali pa kuyaweka maneno. Badiliko la jina likaingia kwenye daftari na kutiwa sahihi, huku maneno yenyewe bado yamo kwenye trei. Umeme ukikatika hapo, jina limehamia kwenye faili tupu, na la zamani limeshatupwa. Umekosa mwana na maji ya moto. Ile adabu ya ext3 ilikuwa imewazoesha watu kutopata janga hili, na wengi walikuwa hawajui hata kama wanaitegemea.

Mkuu wa kazi ya ext4, Theodore Ts'o, alijibu kwa uwazi. Akasema kanuni za mifumo ya namna hii haziahidi mpangilio huo, na kwamba programu inayotaka uhakika ina amri yake, inaitwa fsync. Programu ikiitamka fsync inasema: usinijibu mpaka faili hili lifike. Asiyeitamka asilalamike. Lakini hakuishia kwenye kusema. Aliweka marekebisho ili ext4 iitambue desturi ile ya kubadilisha jina, na iyasukume maneno kwenye diski kabla ya jina kuhama.

Maoni yangu? Kisheria Ts'o alikuwa sahihi, na kwa ubinadamu alikuwa sahihi zaidi alipokubali kurekebisha. Kanuni isiyojulikana na wanaoitumia ni mtego. Ukiona waandishi wa programu kwa mamia wamekosea mahali pamoja, acha kuwahesabu wajinga, nenda kaangalie mahali penyewe.

Kuna mtu hapo nyuma naona amenyoosha mkono: basi si kila programu iitamke fsync kila dakika, tumalize ubishi? Haya, mwaka 2008 Firefox 3 ikiwa inakaribia kutoka ilifanya karibu hivyo. Ilikuwa inaweka historia ya kurasa ulizotembelea kwenye hifadhidata ya SQLite, na SQLite ni mwaminifu, inatamka fsync. Kwenye ext3, kuomba faili moja lifike kulimaanisha kusukuma karibu kila kitu kilichokuwa kwenye trei. Watu wakawa wanabofya ukurasa na kompyuta inaganda kwa sekunde kadhaa. Kwa ajili ya nini? Kuhakikisha kwamba hata umeme ukikatika, kompyuta itakumbuka kuwa ulisoma habari za mpira. Kwa hiyo sisemi kila kitu kipewe ulinzi wa benki kuu. Nasema mwenye programu aamue kwa kujua, na akishaamua asiniambie "imehifadhiwa" kama hajaihifadhi.

Na hiyo fsync yenyewe ina vichochoro. Ukitengeneza faili jipya ukaitamka fsync kwa faili hilo, mwongozo wa Linux unakuonya kwamba jina lake kwenye orodha ya folda huenda bado halijafika. Folda nayo inatakiwa kuombewa peke yake. Barua iko kwenye jalada, rejista haiitambui. Kwenye kompyuta za Mac, mwongozo wa Apple unasema wazi kwamba fsync ya kawaida inaifikisha data kwenye diski, ila diski inaweza kukaa nayo na hata kuiandika kinyume cha mpangilio. Anayetaka uhakika kamili ana amri nyingine ya kwake.

Mnadhani basi mabingwa wanajua vichochoro hivi vyote? Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walizipima programu 11 zinazoheshimika, zikiwemo Git, SQLite na PostgreSQL, waone zinafanya nini mashine ikizimika ghafla. Wakatoa mapungufu 60. Mwaka 2018 ikagundulika kubwa zaidi. PostgreSQL, hifadhidata inayoaminiwa na makampuni makubwa duniani, ilikuwa na mazoea haya: fsync ikishindwa, inajaribu tena. Akili ya kawaida, au sio? Kumbe kwenye Linux, fsync ikishashindwa, mfumo ulikuwa unazihesabu kurasa zile kuwa safi ingawa hazikuandikwa. Ukijaribu mara ya pili unajibiwa "tayari". Unajibiwa tayari kwa kitu ambacho hakipo! Mazoea hayo yalikuwa yamedumu kiasi cha miaka ishirini. Marekebisho yaliyotolewa Februari 2019 yalibadilisha kabisa: fsync ikishindwa, PostgreSQL inajizima makusudi, kisha inaanza upya kwa kusoma daftari lake. Bora ianguke mbele za watu kuliko isimame ikidanganya.

Sasa utaniuliza, haya ya Ubuntu na PostgreSQL yananihusu nini mimi wa Sinza au wa Buruburu? Yanakuhusu kuliko yanavyomhusu wa Seattle. Kule kukatika kwa umeme ni habari. Huku umeme kutokukatika ndiyo habari. Tanzania tuliishi mgawo wa 2006 wakati mabwawa yalipokauka, na wenzetu wa Kenya tarehe 25 Agosti 2023 waliingia gizani karibu nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Anayeandika programu kwa kudhani waya haujawahi kuchomoka anatuandikia sisi mkopo, na riba tunalipa sisi.

Riba yenyewe niliiona kwa macho. Nilikwenda kufuatilia mgogoro wa chama kimoja cha kuweka na kukopa, jina naliacha. Mchana umeme ulikatika, na ile UPS chini ya meza ilikuwa na betri iliyokufa zamani. Mfumo ulipowaka, miamala kadhaa ya wanachama waliotoa fedha mchana ule haikuwepo. Kwenye kompyuta akiba zao zilikuwa nzima. Kwenye droo fedha zimepungua. Unadhani nani alisimamishwa kazi? Dada wa kaunta. Kompyuta ilisema hajalipa mtu, basi kala yeye. Alikaa nyumbani wiki tatu, hadi mhasibu mmoja mzee alipozitoa hati za malipo za karatasi, moja moja, zenye sahihi za wanachama, akazilinganisha na droo. Shilingi kwa shilingi. Baadaye fundi akaeleza kuwa siku ya kufunga mfumo ule watu walilalamika uko taratibu, basi ikazimwa ile sehemu inayosubiri diski ijibu. Mfumo ukawa mwepesi, kila mtu akafurahi. Kwa kila muamala ulikuwa unasema "imehifadhiwa".

Hilo ndilo linalonichoma. Mtu na mashine wakitofautiana, tunaamini mashine, maana mashine haina shida ya ada ya watoto. Kumbe mashine nayo ilipangwa na mtu aliyekuwa na haraka.

Kwa hiyo nina maombi matatu, na siombi kwa unyonge. Kwa waandishi wa programu wa hapa kwetu, na najua mko wengi mnanisoma: kitu cha fedha, cha mgonjwa, cha mtihani, kisitamkiwe "imehifadhiwa" kabla fsync haijarudi na jibu jema, na ikirudi na jibu baya msilimeze. Mkitaka mwendo, kusanyeni miamala mingi mwisubirishe diski mara moja kwa ajili ya yote. Hifadhidata kubwa zinafanya hivyo. Kwa wanaonunua mifumo, kuanzia SACCOS hadi hospitali: siku ya kukabidhiwa, mwambieni fundi aingize miamala, na akiwa katikati mchomoe waya wa umeme. Mbele ya wajumbe wote. Kisha muwashe, mhesabu. Mkimuona fundi anatoka jasho kabla hamjagusa waya, mmeshapata jibu. Kwa diski za seva, ulizeni kama zina akiba ya umeme ya kumalizia maandishi. Nyingi za bei ya chini hazina.

Na kwa waandishi wenzangu wa habari, siku mkiandika "upotevu wa fedha" mkaambiwa "mfumo unaonyesha hivi", ulizeni swali la pili: mfumo huo ulizimika lini mara ya mwisho, na kilichokuwa kwenye trei kilikwenda wapi? Dada yule wa kaunta aliokolewa na karatasi. Vyama vingi sasa vinazitupa karatasi kwa sababu "kila kitu kiko kwenye kompyuta".

Haya, nimemaliza. Mafundi najua mtakuja na hoja za diski za kisasa na mifumo mipya ya mafaili. Karibuni sana, uwanja ni wenu. Ila kabla hujaanza kuniandikia, chomoa waya kwanza.